Maswali kwa Bibi Shamba: Kisiki Kingali Hai

Mwezi huu barua na ujumbe wa simu vimenijia kwa wingi, na karibu vyote vinazunguka jambo moja: mtu wa kipato cha kawaida afanye nini ili yeye apate nafuu na dunia nayo ipate nafuu? Nimechagua sita. Kwa wasomaji wapya, mimi ni afisa ugani mstaafu. Nilianza kazi Kondoa mwaka 1984 nikamalizia Kongwa mwaka 2015, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Dodoma.

*

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Chamwino, nina miaka 27. Kila mwaka mwezi wa kwanza tunaletewa miche, watoto wanachimba mashimo, tunapanda, tunapiga picha. Ikifika mwezi wa nane hakuna hata mche mmoja uliosimama. Juzi darasa la sita wameniuliza, "Mwalimu, tunapanda ya nini?" Nimekosa jibu. Naona kila jema tunalojaribu huku kwetu linakauka. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Waambie hao watoto swali lao ni la maana, na jibu lipo.

Miche yenu haifi kwa uzembe wa mtu. Chamwino mvua huanza Desemba, ikakata Aprili, halafu ni miezi saba ya jua na upepo. Mche uliolelewa kwenye kiriba kitaluni, ukinyweshwa asubuhi na jioni, mzizi wake ni mfupi. Unautoa pale, unautia kwenye udongo mgumu wa uwanja wa shule, na mvua inakata kabla mzizi haujafika penye unyevu. Maji ya kumwagilia yatoke wapi, na watoto wenyewe wanakuja shuleni na vidumu? Ukivuka hapo unakutana na mbuzi.

Nami nimewahi kusimamia upandaji wa namna hiyo. Lori lilikuja limejaa, mgeni rasmi akapanda mche wa kwanza, akina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi mwezi wa tisa, nikazunguka eneo lote nahesabu mashimo. Tulikuwa tumepanga nani apande. Hatukupanga mti uwe wa nani. Tangu siku ile kila jambo jema ninaloletewa nalipima kwa swali hilo moja: huyu atakayelitunza, yeye anapata nini, mwaka huu na mwaka kesho? Nikikosa jibu, najua litakufa.

Sasa fanya hivi. Baada ya mavuno, toka na wanafunzi wako mpite mashambani. Msitazame juu, inameni. Mtaona vichaka vifupi vinavyofika magotini, vile ambavyo kila msimu watu wanavifyeka na kuvichoma pamoja na mabua. Vingi si vichaka. Ni migunga, mikwaju, mifuru iliyokatwa zamani, pengine kabla wewe hujazaliwa, na mizizi yake ingali hai chini. Kila mwaka inachipua, na kila mwaka tunaikata. Dodoma njia ya kuirudisha inaitwa kisiki hai, na sijui jina lingine linaloeleza kazi yake vizuri kuliko hilo.

Kisiki cha kwanza nilichokishughulikia kilikuwa Kongwa, pembezoni mwa shamba la mtama la mama mmoja mjane. Kilikuwa mgunga. Nilipiga magoti nikahesabu machipukizi: yalikuwa 23, yamebanana kama bua za ufagio, mengine membamba kuliko penseli. Yule mama akaniambia, "Hilo ni gugu, mwanangu, linanichosha jembe." Tukachagua manne, yaliyonyooka na yenye unene wa kidole gumba, kila moja likielekea upande wake. Mengine tukayakata kwa panga lililonolewa vizuri, tukikata kutoka chini kwenda juu ili gamba lisichanike. Kwenye yale manne tukapunguza matawi ya pembeni, kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Matawi tuliyokata yakamtosha kuni za siku mbili. Mwisho akachana upindo wa khanga yake iliyochakaa, nyekundu, akaufunga kwenye chipukizi moja ili mchungaji yeyote akipita ajue: hiki kina mwenyewe.

Hakuna aliyekimwagilia. Hakikuhitaji, kwa sababu mzizi ulikuwa umekwisha kushuka mahali ambapo mche wa kiriba haufiki. Mvua za msimu ule zilipokata, machipukizi yalikuwa yamempita kimo. Mwaka wa tatu nilimkuta amekaa kivulini pake anapura mtama. Alikuwa ameshaacha visiki vingine kumi na kitu, na sikumwomba. Tawi likikatwa ni kuni, fito ikinyooka ni ya banda, maganda yakidondoka mbuzi wanakula, majani yakioza ni mbolea.

Haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1983 huko Maradi, kusini mwa Niger, Mwaustralia mmoja mtaalamu wa kilimo, Tony Rinaudo, alikuwa amepanda miche kwa miaka na karibu yote ikawa imekufa. Siku moja alisimamisha gari kupunguza upepo kwenye matairi ili lipite mchangani. Akatupa macho kwenye kichaka kando ya njia, akasogea kuangalia majani yake, akatambua kwamba kile ni kisiki cha mti kinachochipua. Jangwa lote lile alilokuwa akililia lilikuwa na msitu chini yake. Wakulima wa Niger wakaanza kuchagua na kutunza machipukizi mashambani mwao, na leo eneo lililorudi kwa njia hiyo linazidi hekta milioni 5. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, pamoja na mzee Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, mkulima aliyerudisha ardhi iliyokufa kwa kuchimba vishimo vya kukinga maji na kuvitia samadi.

Hata hapa kwetu tusijione wageni. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti vipumue, kisha linafunguliwa kiangazi kikikaza. Shinyanga ilikuwa imebaki nyeupe, maana misitu ilifyekwa kwa ajili ya kuua ndorobo na kulima pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka isiyozidi ishirini baadaye zilizidi hekta 300,000. Watu hawakufundishwa kitu kigeni. Waliulizwa wazee wao walifanyaje, na ulinzi ukarudishwa kwa dagashida, yaani baraza lao la jadi, na sungusungu wao wenyewe.

Lakini nikusimulie na Kondoa, kwa sababu pale ndipo nilipojifunza upande wa pili. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri kwenye eneo lililomomonyoka. Nilipofika miaka mitano baadaye nilikuta makorongo yameanza kuota majani, na miti inarudi bila mtu kupanda. Ardhi ilishukuru. Watu je? Nililala kwenye nyumba ambazo watoto walikuwa wamesahau ladha ya maziwa, kwa sababu ng'ombe wa baba yao walikuwa wamepelekwa mbali, kwa ndugu. Wengi walituchukia, na nilipokaa nao niliona wana haki. Hali ilianza kutulia baadaye, ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani walipoletwa na lile jani lililorudi likawa chakula cha ng'ombe wa mtu.

Kwa hiyo kwa shule yako: kila mtoto awe na kisiki chake nyumbani kwao, shambani kwa wazazi wake, si shuleni. Aombe ruhusa kwa mwenye shamba kwanza. Achague, apogolee, afunge kitambaa, na baada ya miezi kama mitatu arudi kukata machipukizi mapya yanayoiba nguvu. Wewe uwe na daftari lenye majina na idadi. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, uombe jambo hili liingie kwenye mkutano mkuu, kwa sababu mbuzi hasomi kitambaa, anayekisoma ni mwenye mbuzi. Sheria ndogo ya kijiji inayosema mwenye mifugo atalipa, ikisimamiwa, inalinda zaidi ya ua la miiba.

Shuleni pandeni michache tu, hata mitano, mahali ambapo maji ya kunawa yanamwagika. Nitarudi hapo mwishoni.

*

Bibi Shamba, shikamoo. Nimepanga chumba kimoja Mbagala, nina watoto watatu na nauza maharage na chapati asubuhi. Mnatuambia tutunze misitu. Mimi sijawahi kukata mti, ila mkaa wa kununua kwa kopo ndio unaonimalizia mtaji. Gesi naitamani, kujaza mtungi kwa mkupuo siwezi. Mtu kama mimi asiye na hata hatua moja ya ardhi anasaidiaje?

Marahaba mama. Wewe una jiko, na jiko lako limeunganishwa na msitu kuliko shamba la watu wengi. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hutoka kwenye kilo 5 hadi 10 za kuni. Ukipunguza kopo moja kwa siku, umekiokoa kisiki cha yule mwalimu hapo juu, na pesa imebaki kwenye pochi yako.

Biashara yako ni maharage, tuanze nayo. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji. Yachemshe kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30, sufuria imefunikwa. Usipunguze muda huo, kwa maana maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka barabara. Yakipashwa moto nusunusu yanaumiza tumbo. Wakati yanatokota, andaa kikapu kikubwa au ndoo pana. Tandika chini nguo kuukuu unene wa shubiri moja, zungushia pembeni hivyohivyo, uache shimo la sufuria katikati. Epua sufuria ikiwa bado inafoka, usifungue mfuniko hata kuonja, iingize, uifunike juu kwa mto au blanketi lililokunjwa. Kisha iache saa tatu au nne. Utakapoifungua mvuke utakupiga usoni, na maharage yatakuwa yamelainika bila jiko kuwaka. Yachemshe tena kidogo kabla ya kuuza. Hicho ndicho kikapu cha joto.

Mara ya kwanza nilipokijaribu nilikaa nikikichungulia kila nusu saa, joto likatoka, maharage yakabaki magumu. Kiache. Na sufuria isiwe robo, ijae, kwa sababu chakula chenyewe ndicho kinachotunza moto.

Ukiokoa kopo la mkaa kwa siku, hiyo pesa usiichanganye na ya nyumba. Itie kwenye kopo lake, hiyo ndiyo gesi yako. Dar es Salaam siku hizi ipo pia gesi ya kulipia kidogokidogo kwa simu, ulizia mtaani kwako. Serikali imetangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia mwaka huo wa mwisho. Ukisikia kikao cha mtaa kinazungumzia ruzuku ya mitungi, nenda ukakae mbele.

Jambo moja nakuomba kama mwanangu: usiingize jiko la mkaa linalowaka kwenye chumba kilichofungwa mkalala, hata usiku wa baridi na mvua. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Inaua watu usingizini.

*

Mambo vipi Bibi Shamba, samahani, shikamoo. Mimi dereva bodaboda Mbeya, miaka 24. Natamani kusaidia watu ila mfukoni hamna kitu. Nitoe nini?

Marahaba mjukuu wangu. Toa damu.

Ukiwa na miaka kati ya 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya yako nzuri, unaweza kutoa chupa moja ya mililita 450. Mwanamume anaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Haitengenezwi kiwandani, na haikai kwenye jokofu zaidi ya wiki tano au sita. Shule zikifungwa akiba hupungua, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji. Basi wewe nenda Desemba na Juni.

Dada yangu mdogo alijifungua mtoto wa nne usiku, damu ikakataa kusimama. Aliongezewa chupa mbili. Mpaka leo hatujui zilitoka kwa nani. Kila ninapomwona akigombana na yule mtoto, ambaye sasa ananyoa ndevu, nawawaza watu wawili wasiojulikana walioingia kwenye chumba fulani, wakakunja mkono wa shati.

Na wewe unafaidika: utajua kundi lako la damu, na damu yako itapimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende bila malipo. Kisha nunua kofia ngumu ya pili, ya abiria. Ninaomba sana.

*

Assalaam aleykum Bibi. Nipo Muscat mwaka wa sita, nafanya kazi za ndani. Nyumbani ni Tanga. Kila mwezi natuma pesa: huyu ada, yule hospitali, mwingine bati. Nikirudi likizo sioni kitu, na mimi mwenyewe sina akiba. Nikikataa naitwa mchoyo. Nataka kuwasaidia wangu na jirani zangu, ila naona najaza gunia lililotoboka.

Waaleykum salaam mwanangu. Kwanza pole kwa kazi. Miaka sita ya kuamka kabla ya wenye nyumba si mchezo, na anayekuita mchoyo hajaijua.

Usiache kutuma. Badilisha inapopita. Mtaani kwenu hakosekani mwanamke aliye kwenye kikundi cha hisa, au VICOBA. Mama yako, au yule dada mmoja unayemwamini, ajiunge, na sehemu ya pesa unayotuma iingie kama hisa.

Mimi niko kwenye kikundi cha watu 25 kwa mwaka wa kumi na mbili. Tunakutana kila Alhamisi saa tisa chini ya mwembe. Kisanduku chetu ni cha bati, kina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu wanaoishi nyumba tofauti. Mtu ananunua hisa moja hadi tano, na kila hisa anagongewa mhuri kwenye kitabu chake. Yuko bibi mmoja asiyejua kusoma. Yeye hupitisha kidole juu ya mihuri, moja, mbili, tatu, anatikisa kichwa, anakirudisha kitabu. Hajawahi kukosea. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, wote tunasikia. Anayetaka mkopo anasema mbele yetu ni wa nini na atarejesha lini, na riba inabaki mle sandukuni, kwetu sote. Kando kuna mfuko wa jamii: msiba ukitokea, mtoto akilazwa, unatolewa hapo bila riba. Mwisho wa mwaka tunavunja na kugawana kwa hesabu ya hisa.

Jambo lililonishangaza nilipolijua ni kwamba utaratibu huu wa kisanduku uliundwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Niger mwaka 1991, na mahali penyewe ni Maradi. Palepale pa Rinaudo na visiki vyake. Wanawake wale hawakuwa na benki wala mfadhili wa mtaji. Walikuwa na senti ndogondogo zilizokuwa tayari mikononi mwao, na desturi ya kupeana zamu kama huu upatu wetu. Wao waliviwekea kufuli.

Faida yako hii hapa. Ndugu akikupigia kwamba mtoto ana homa, una jibu la heshima: "Mama yupo kikundini, mfuko wa jamii upo, aende Alhamisi." Shida ya kweli itapita mbele ya watu 25 na kusaidiwa upesi kuliko kungoja mshahara wako. Shida ya kutunga haitapita. Bati nalo litanunuliwa kwa mkopo ambao aliyekopa ataulipa mwenyewe.

Gawa mshahara wako mafungu matatu kabla hujashika simu: chakula na ada ya watoto wako, hisa, na fungu lako wewe, kwa jina lako, ambalo hata mama asilijue ni kiasi gani. Fungu hilo la tatu ni la kukurudisha nyumbani. Kabla ya kujiunga, mwambie dada akakae kikao kimoja kama mgeni. Kikundi ambacho pesa zake hazihesabiwi mbele ya wote, au mtu mmoja anakaa na funguo zote, asiingie.

*

Habari Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu ni Voi, Kenya. Nasoma safu yako lakini nina shaka. Mataifa makubwa yanachoma makaa na mafuta, sisi tunaambiwa tufunge vitambaa kwenye visiki. Huku si kutupumbaza?

Njema mwanangu. Hasira yako ina msingi. Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani, na ukame unatupiga sisi kwanza. Asikudanganye mtu kwamba kikapu changu cha joto kitafunga mitambo ya watu wengine.

Ila hebu mtazame mwenzenu Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt, vuguvugu la kupanda miti, akiwa na baraza la wanawake wa Kenya. Hakuwaendea wale akina mama na habari za hali ya hewa ya dunia. Walimwambia kuni ziko mbali, maji yamekauka, watoto hawashibi, naye akaanzia hapohapo. Waliotesha miche wenyewe, na walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Sikiliza hilo neno: uliopona. Si uliopandwa. Kama mimi ningelijua hilo siku ile ya lori!

Mwaka 1989 ulipotangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, aliyesimama kuupinga ni yeye. Alitukanwa bungeni, akafukuzwa ofisini, lakini wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Alipata nguvu ile wapi? Nyuma yake kulikuwa na miaka kumi na miwili ya wanawake wenye vitalu vyao, waliokwisha kujua kwamba mikono yao inaweza kitu. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Naamini kwamba mtu aliyeinua kisiki kimoja ndiye anayejua kukasirika vizuri anapoona msitu unauzwa, kwa sababu anajua thamani yake ni miaka mingapi.

Na wewe Mkenya una silaha ambayo watu wengi wanaililia. Katiba yenu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea, bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Je, mto wenu una kiwanda kinachomwaga taka? Kuna mkutano wa maoni ya wananchi unaokaa na viti vitupu? Anza na huo ulio karibu, uandike kinachosemwa, upige picha, uweke tarehe. Kwetu Tanzania mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Nimevihudhuria vijiji ambavyo msitu wa kijiji uliuzwa kwa sababu siku ya kusoma taarifa walikuja wazee saba.

*

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano, nina miaka 11, tunaishi Kongwa. Mwalimu ametuambia tuandike kitu cha kusaidia dunia. Mimi bado mdogo. Nifanye nini?

Marahaba mjukuu wangu. Unaandika vizuri. Tengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono, uwe wa kwanza darasani.

Tafuta kidumu cha lita tatu au tano chenye mfuniko. Mwombe mkubwa akitoboe kwa msumari wa moto, tundu dogo, upande wa mbele, kidogo chini ya mdomo. Simika miti miwili yenye panda, ipitishie fito juu, na fito hiyo ipite kwenye mkono wa kidumu kining'inie. Funga kamba shingoni mwa kidumu, ishuke mpaka chini kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, kidumu kinainama, maji yanachirizika. Ukiachia, kinarudi. Hakuna anayekishika kwa mkono mchafu, na maji yanayotoka ni kidogo sana, hata huko kwenu ambako ndoo inatoka mbali. Sabuni itoboe katikati, uipitishie kamba, uitundike pembeni chini ya kopo lililopinduliwa, mvua isiimalize wala kuku wasiidonoe.

Kiweke njiani mtu anapotoka chooni, asiweze kupita bila kukiona. Wafundishe wadogo zako kunawa mpaka katikati ya vidole, kabla ya kula na baada ya choo. Mikono ikiwa safi, kuhara kunapungua, na wewe hukosi shule.

Halafu chini yake, pale maji yanapodondokea, weka kokoto kidogo kusiwe na tope, na hatua moja pembeni panda mpapai. Huo mche mmoja hautakosa maji. Ukianza kuzaa, niandikie papai la kwanza lilikuwa na ukubwa gani.